Madaktari wa Furu

Mwaka 1985, mwaka ule ule Julius Nyerere alipoachia urais, samaki mmoja wa Ziwa Victoria alipewa jina lake. Ni furu wa kukaa kiganjani. Dume lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano uliokatwa na milia myeusi, na tumbo jeusi. Jike halina makuu, rangi yake ni ya mchanga tu. Waliomwingiza kwenye vitabu vya sayansi ni mke na mume Waholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, waliokuwa wamefanya kazi Mwanza kwa miaka kadhaa. Walimwita Haplochromis nyererei. Baadaye wataalamu walimhamishia kwenye jenasi nyingine, akawa Pundamilia nyererei, na aliyewahi kuona ubavu wa dume lake hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi.

Heshima hiyo ilitolewa wakati mbaya. Ndani ya Ghuba ya Mwanza furu walikuwa wanakwisha kwa kasi ambayo hakuna mwanasayansi aliyewahi kuishuhudia kwa samaki wa aina nyingi kiasi hicho. Vijana waliokuja kutoka Chuo Kikuu cha Leiden kuandika tasnifu za uzamivu kuhusu namna spishi nyingi zinavyoweza kuishi pamoja, waliondoka na tasnifu kuhusu namna zinavyotoweka. Katika historia ya ikolojia Afrika Mashariki watu hupenda kusimulia habari za Serengeti na Gombe, za simba na sokwe. Furu hawana macho ya kumvutia mpiga picha. Lakini ukitaka kujua shahada ya udaktari katika elimu hii inatengenezwaje, na inaharibikaje katikati ya safari kisha ikapona, mahali pa kuangalia ni Nyegezi na Butimba, kando ya ghuba hiyo.

Furu walianza kusomwa kwa mbali. Wa kwanza kuelezwa kitaalamu alielezwa Berlin mwaka 1888 na Franz Hilgendorf, mezani kwake, kutokana na samaki waliokusanywa na msafiri Gustav Fischer. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa kuchunguza hali ya uvuvi, hasa wa ngege, yule sato wa asili ambaye watu wa kando ya ziwa walimthamini kuliko samaki wote. Katika ripoti yake Graham alitaja hatari ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine bila utafiti wa kina. Onyo hilo lilikaa kwenye makabati.

Kituo cha kudumu cha utafiti wa samaki kilifunguliwa Jinja, Uganda, mwaka 1947, kikihudumia nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Mwaka uliofuata alifika Rosemary Lowe, mtaalamu wa ngege na jamii yake. Alipoolewa mwaka 1953 ilimbidi ajiuzulu, kwa sababu kanuni za utumishi wa kikoloni hazikuruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki kazini. Aliendelea na sayansi bila mshahara, na akawa mmoja wa watu wanaoheshimiwa sana katika elimu ya samaki wa tropiki. Humphry Greenwood naye alifanya kazi Jinja miaka ya 1950 kabla ya kuhamia jumba la makumbusho la London, ambako aliwapanga furu kwa meno na mifupa ya fuvu, spishi baada ya spishi. Kitabu chake cha mwaka 1974 kiliwafanya walimu wa mageuko ya viumbe kila mahali waanze kulitaja Ziwa Victoria pamoja na visiwa vya Galápagos.

Sababu ya kulitaja ni hii. Furu wote, kama spishi 500 kwa makadirio ya leo, ni ndugu wa karibu sana. Ukiwaweka wachache mezani, wamechemshwa tayari kwa ugali, utasema ni samaki mmoja. Ukiwafungua midomo, mambo yanabadilika. Mmoja ana meno ya kukwangua mwani kwenye mawe, mwingine ana taya la kuvunja konokono, mwingine huchuja tope, mwingine hula magamba ya wenzake. Wapo hata wanaoishi kwa kunyang'anya mayai na watoto kutoka mdomoni mwa mama, kwa kuwa furu jike huatamia mdomoni. Nyuma ya taya la kawaida, kooni, furu ana taya la pili la kusaga chakula, na wataalamu wengi wanaamini mgawanyo huo wa kazi, la mbele kukamata na la nyuma kutafuna, ndio uliowapa wepesi wa kubadilika. Charles Darwin angetoa fedha nyingi kuona kitu hiki.

Wavuvi waliwajua furu kwa njia yao, na soko pia. Bei yake ilikuwa ndogo, miiba mingi, mtu alimla akikosa sato au ningu. Maofisa wa samaki wa kikoloni walimwona kama mali isiyo na faida inayojaza ziwa bure, na hapo ndipo wazo la kuleta sangara, samaki mkubwa mla wenzake, lilipoota: amle furu na kumgeuza kuwa nyama nene ya kuuzwa. Geoffrey Fryer, mwanasayansi wa Jinja, alipinga kwa maandishi mwaka 1960. Alikuwa amechelewa. Sangara walikwisha kutiwa ziwani kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, wakitolewa Ziwa Albert, na mwaka 1962 na 1963 wakatiwa tena, safari hii rasmi, Entebbe na Kisumu. Kwa karibu miaka ishirini hawakuleta kishindo. Utafiti mkubwa wa nyavu za kukokota uliofanyika ziwa zima kati ya 1969 na 1971 uliwakuta furu bado ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini.

Asilimia hiyo iliwafurahisha watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wapangaji wa uchumi, na mwaka 1976 kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha kuku na mifugo kilijengwa Mwanza. Wa pili walikuwa wanamofolojia wa Leiden.

Leiden kulikuwa na maabara ya zoolojia iliyoshughulika na swali moja kwa ukaidi: umbo la mnyama linaelezaje kazi yake? Mwalimu aliyewaongoza kuwaendea furu alikuwa Kees Barel. Kwao furu walikuwa jibu la dua, mamia ya vichwa vya ndugu wamoja, kila kimoja kimefinyangwa kwa mlo tofauti. Lakini fuvu lililo ndani ya chupa London haliwezi kusema samaki yule alikula nini, kwenye kina gani, saa ngapi. Ilibidi mtu aende. Mwaka 1977 Barel, Martien van Oijen na akina Witte walichapisha mwongozo wa kwanza wa kuwatambua furu kwa umbo, na mwaka huo huo kundi la utafiti wa ikolojia ya furu, lililojulikana kwa kifupi HEST, likaanza kazi Mwanza. Ndiyo mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na kituo cha Jinja kikabaki cha Uganda peke yake. Upande wa Tanzania, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Serikali ilikuwa na swali la dharura kuhusu kiwanda kile: furu wanaweza kuvuliwa kiasi gani bila kwisha? Wageni walikuwa na maswali ya mageuko. Maslahi yalikutana kwenye staha ya boti moja.

Boti iliitwa Mdiria. Kazi yake ilikuwa kuvuta wavu wa kukokota kwenye mstari wa utafiti wa kama kilomita tano unaokata ghuba kutoka Butimba hadi ng'ambo ya pili, vituo vile vile, dakika 10 kila mkokoto. Wavu ukipanda, rundo linamwagwa na saa inaanza kuhesabu. Rangi ya dume ndiyo alama bora ya kumtambua, nayo hufifia haraka samaki akifa na huisha kabisa ndani ya fomalini; kwa hiyo madume yanatengwa kwanza, yanaandikwa, baadhi yanapigwa picha. Majike mengi yanang'aa fedha, na hapo mtu anarudi kwenye vipimo: upana wa jicho, mwinamo wa mdomo, idadi ya magamba kwenye mstari wa ubavu. Halafu chupa, lebo, kina, tarehe. Kazi ya maabara inafuata baadaye, tumbo linapasuliwa chini ya darubini na kila kilichomo kinahesabiwa: planktoni, uduvi, vipande vya konokono, funza wa wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya ziwa. Watanzania waliofanya kazi kwenye boti na maabara hiyo, wengi wao majina yao yako kwenye kurasa za shukrani tu, walifikia kumtambua furu kwa kumtupia jicho, jambo ambalo mgeni wa mwaka wa kwanza alihitaji nusu saa na rula kulifanya.

Spishi zilikuwa nyingi kuliko majina. Wale ambao hawakuwa wameelezwa kitaalamu walipewa majina ya muda ya kambini, na baadhi ya majina hayo yaliishi muda mrefu kuliko samaki wenyewe. "Argens", furu wa rangi ya fedha mla planktoni, alivuliwa kwa wingi na kusomwa sana ghubani kabla ya sangara kushamiri. Jina lake rasmi lilitolewa mwaka 2013.

Tijs Goldschmidt alifika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na swali la darasani. Nadharia ya ikolojia inasema spishi mbili zenye mahitaji yale yale haziwezi kukaa pamoja daima. Moja itaisukuma nyingine nje. Sasa hapa kuna furu wa planktoni kadhaa, ukubwa mmoja, sura moja, mlo mmoja, ghuba moja. Kwa nini hawasukumani? Kulijibu swali hilo kulihitaji uvumilivu wa karani: kuvua mchana na usiku, tabaka la juu na la chini, mwezi hadi mwezi, na kupanga nani anazaa wapi na lini. Tofauti zilianza kujitokeza, ndogo ndogo, kwenye kina, kwenye saa za kupanda na kushuka majini, kwenye maeneo ya kuzalia. Lilikuwa swali zuri, na majibu yalikuwa yanakuja. Kilichokosekana ni muda wa ziwa lenyewe.

Kwenye Ghuba ya Nyanza, Kenya, sangara walifumuka mwishoni mwa miaka ya 1970. Uganda ikafuata. Ghuba ya Mwanza ilipata zamu yake kuanzia kama 1983. Mwanzoni Mdiria ilileta sangara wachache kati ya furu, kisha furu wachache kati ya sangara, na kufikia 1987 kwenye maji ya kina cha wastani ghubani furu walikuwa karibu hawapo. Mwaka 1992 Witte na wenzake walichapisha hesabu yao: takriban spishi 200 zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni kutoweka. Barel na wenzake walikuwa wamekwisha kupiga kelele mapema, kwenye jarida la Nature mwaka 1985, wakisema uvuvi wa maziwa ya Afrika unaharibiwa.

Ni vigumu kwa mtu wa nje kuelewa jambo hili linamfanya nini mwanafunzi wa uzamivu. Ana ufadhili wa miaka minne hivi. Ana pendekezo lililoidhinishwa. Ana msimamizi ng'ambo anayesubiri sura ya tatu. Na kila wiki vielelezo vyake vinapungua. Wengine wangebadili mada kabisa au kurudi nyumbani. Waliobaki Mwanza walifanya kitu kisicho na ushujaa wowote: waliendelea kuvuta wavu kwenye mstari ule ule, dakika 10, na kuandika sifuri. Tasnifu ya Witte ya mwaka 1987 inasomeka hadi leo kama kazi iliyoanzia kwenye umbo la samaki ikaishia kwenye uvuvi, na ndivyo kichwa chake kinavyosema. Ya Goldschmidt ilitoka 1989. Jan Wanink, aliyetetea mwaka 1998, aliandika kuhusu dagaa, aliyekuwa ameshika nafasi iliyoachwa wazi na furu wa planktoni na kuwa kiungo kikuu cha ziwa lililovurugika. Muda wa vitabu hivi vitatu, miaka kumi na moja, unatosha kuonyesha jinsi ziwa lilivyokuwa linamchagulia mwanafunzi mada.

Utetezi wa Leiden una taratibu zake. Tasnifu huchapwa kama kitabu, na katika sayansi asilia kila sura mara nyingi ni makala inayojitegemea. Mtahiniwa husubiri kwenye chumba kidogo cha jengo la zamani la chuo kinachoitwa chumba cha jasho, kisha huingia mbele ya maprofesa waliovaa majoho na kuhojiwa kwa dakika 45. Zikiisha, mshika fimbo ya chuo huingia na kutangaza kwa Kilatini kuwa saa imetimia, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Kwenye kuta za chumba kile cha jasho waliofuzu wameandika majina yao kwa karne nyingi.

Mwaka 1994 Goldschmidt, ambaye baadaye alielekea zaidi kwenye uandishi, alichapisha kwa Kiholanzi kitabu kuhusu furu na Mwanza kilichosomwa mbali sana na duru za wanasayansi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1996. Wasomaji wengi walikipenda kwa vituko vya ofisini na barabarani. Sehemu iliyo bora zaidi ni ile inayoeleza mantiki ya uteuzi asilia kupitia taya la samaki wa sentimita kumi.

Swali la nani wa kulaumiwa halikwisha. Sangara ni mtuhumiwa wa dhahiri, lakini maji yenyewe yalikuwa yanabadilika: mbolea na udongo kutoka mashambani, maji taka ya miji, moshi wa misitu iliyochomwa, vyote vilirutubisha mwani, maji yakawa ya kijani na hewa ikapungua chini. Takwimu za Mdiria zilionyesha pia kwamba uvuvi wa kukokota kwa ajili ya kiwanda ulikuwa umeanza kuwapunguza furu kabla sangara hawajajaa. Mwaka 2008 Kees Goudswaard, Witte na Mtanzania Egid Katunzi walichapisha mpangilio wa uvamizi mwaka kwa mwaka, na humo mna dokezo linalogeuza hadithi iliyozoeleka: sangara wachanga walianza kuonekana kwa wingi furu walipokuwa wameshapungua. Yawezekana furu, wakiwa wengi, ndio waliowazuia sangara, kwa kula vifaranga vyao au kuwanyima chakula, mpaka kizuizi kile kikakatika. Hoja kama hii haitoki kichwani. Hutoka kwenye madaftari ya mikokoto mingi isiyo na habari.

Wala si haki kuandika habari za sangara kama balaa tupu. Viwanda vya minofu vilienea Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja; watu walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa samaki yule. Kwa mfanyabiashara wa samaki wa Kirumba, Mwanza, wa mwaka 1990, kilio cha Mholanzi juu ya samaki wa miiba kilikuwa jambo la kushangaza.

Kuna swali jingine lisiloweza kukwepwa: shahada zilikwenda kwa nani? Katika muongo wa kwanza wa HEST, kwa Waholanzi. Watanzania walikuwa mafundi, manahodha, maofisa wa taasisi, waandishi wenza. Haikuwa hivyo Mwanza tu. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilikuwa vichanga, cha Dar es Salaam kikiwa kimesimama peke yake tangu 1970, na njia ya kawaida ya Mwafrika kupata uzamivu wa sayansi ilikuwa kukusanya takwimu nyumbani na kwenda kuziandika ughaibuni. Mganda Richard Ogutu-Ohwayo alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika kwa takwimu za upande wa nyumbani. Makala yake ya mwaka 1990 kuhusu kupungua kwa samaki wa asili wa Victoria na Kyoga bado inanukuliwa kila mahali. Katunzi alijenga maisha yake ya kazi TAFIRI Mwanza, na mwaka 2010 furu mmoja aliitwa Haplochromis katunzii. Jina la samaki ni heshima, lakini halilingani na kiti cha msimamizi, na kiti hicho kilichelewa.

Zamu iliyofuata ilikuja kwa njia ya mawe. Sangara hapendi miamba, na furu wa visiwa vya mawe, ambao wavuvi wa huko huwaita mbipi, walikuwa wamesalimika kwa kiasi kikubwa. Mjerumani Ole Seehausen aliwafuata huko katika miaka ya 1990, kisiwa kwa kisiwa, na mwaka 1998 yeye na wenzake waliwaeleza mbipi wengi kwa mara ya kwanza, wakaanzisha na ile jenasi ya Pundamilia. Alitetea tasnifu yake Leiden mwaka 1999.

Swali lake lilikuwa la mapenzi zaidi kuliko la chakula. Kwenye Kisiwa cha Makobe, maji ni maangavu na spishi mbili zinakaa jirani bila kuchanganyika: nyererei mwekundu, na Pundamilia pundamilia wa bluu ya kijivu anayekaa juu zaidi, karibu na uso wa maji. Ukiingia ndani ya ghuba kuelekea Luanso, maji yanazidi kuwa machafu, na wekundu na bluu vinayeyukiana mpaka hujui umeshika yupi. Seehausen aliwaweka majike kwenye matangi ya maabara na madume ya aina zote mbili. Chini ya mwanga mweupe kila jike lilimwendea dume wa aina yake. Alipowasha taa ya machungwa, ile inayofuta tofauti ya rangi, majike yalichagua bila kubagua. Makala ya mwaka 1997 kwenye jarida la Science, aliyoandika na Jacques van Alphen na Witte, ilitoa tamko zito kutokana na tangi lile: uchafu wa maji unaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja, kwa kuwazuia tu kuonana vizuri. Mwaka 2008 kazi hiyo ilipelekwa hadi kwenye jeni za jicho, zinazotofautiana kulingana na mwanga wa kina wanachokaa, na miongoni mwa waandishi wa makala hiyo ya Nature alikuwemo Mtanzania Hillary Mrosso.

Pembeni ya yote haya ulikuwepo ugomvi wa umri. Mwaka 1996 wanajiolojia waliotoboa tope la chini walitangaza kwamba Ziwa Victoria lilikauka kabisa na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Spishi 500 ndani ya miaka 15,000! Fryer, yule yule aliyepinga sangara mwaka 1960, alikataa katakata. Kwake, furu wenyewe walikuwa ushahidi kwamba ziwa halikukauka lote, kwani mageuko hayaendi mbio kiasi hicho. Mjadala ulidumu miaka. Jibu lililoonekana kuupatanisha lilikuja mwaka 2017 kutoka kwa Joana Meier na wenzake wa kundi la Seehausen, aliyekuwa amehamia Uswisi. Walisoma jeni na kukuta kwamba furu wa ukanda wa Victoria wametokana na koo mbili za zamani, moja yenye asili ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilizokutana na kuzaliana. Mchanganyiko ule ulileta akiba kubwa ya tofauti za kurithi, zikiwemo zile za jeni za kuona rangi. Ziwa lilipojaa, furu hawakusubiri mabadiliko mapya yazuke. Walipanga upya waliyokuwa nayo. Kwa hiyo ziwa linaweza kuwa changa na tofauti zikawa za kale.

Furu wa ghubani nao walianza kurudi katika miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana. Hawakurudi wote, wala hawakurudi vile vile. Hapo ndipo chupa za zamani zilipolipa. Witte na wenzake walimlinganisha Haplochromis pyrrhocephalus aliyerudi na yule aliyehifadhiwa kwenye spiriti Leiden kabla ya sangara, na kukuta mwili wa samaki yule umebadilika kwa namna inayopimika ndani ya miongo miwili: matamvua, kichwa, jicho. Mlo ulikuwa umebadilika pia, kutoka planktoni kuelekea vyakula vikubwa zaidi. Aliyekusanya samaki wale mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuwa na nia hiyo hata kidogo. Alitaka kuwatofautisha spishi.

Mwaka 2012, mwaka mmoja kabla Witte hajafariki, Mtanzania Mary Kishe-Machumu alichapisha pamoja naye, Wanink na Katunzi uchunguzi wa matumbo ya sangara wa Ghuba ya Mwanza. Furu walipokwisha, sangara walikuwa wamegeukia uduvi, dagaa na watoto wao wenyewe. Matumbo mapya yalionyesha kuwa wamerudia furu, na tena wanaanza kuwala wakiwa wadogo kwa umbo kuliko zamani. Kuhusu spishi zipi hasa zinaliwa, hesabu inakwamia pale pale ilipokwamia staha ya Mdiria: samaki aliyemeng'enywa nusu hana rangi, na furu wengi wa ziwa hili bado hawana jina rasmi.